Mtoto mtulivu mno: Michezo ya utotoni na kuzeeka kwa chembe hai

NDUGU msomaji, mwezi uliopita nilikwenda kumjulia hali mdogo wangu wa kike anayeishi ghorofa ya tatu, katika mitaa ya katikati ya jiji la Dar es Salaam. Ana mtoto wa kiume wa miaka minne. Nilikaa pale tangu baada ya Adhuhuri mpaka ikaadhiniwa Alasiri, na muda wote huo mtoto hakuinuka kwenye zulia. Alikuwa mbele ya runinga, na katuni zilipokwisha akapewa simu ya mama yake. Nikamsifu kwa utulivu wake. Mama yake akatabasamu, akasema: "Huyu, kaka, Alhamdulillah, hanisumbui kabisa. Mtulivu kuliko dada zake wote."

Tuliposhuka naye kwenda dukani ndipo nilipoanza kuingiwa na fikra. Ngazi alizishuka kwa kushika ukuta, hatua moja moja kama mzee mwenye magoti mabovu. Wakati wa kurudi, tulipofika ghorofa ya kwanza alikaa chini, akanyoosha mikono: "Mjomba, nibebe." Nikamwambia tushindane kuruka kwa mguu mmoja. Akajaribu mara mbili, akaanguka, akalia. Mtoto huyu haumwi, anakula vizuri, na kliniki wanasema uzito wake hauna tatizo. Hajui kuruka kwa sababu hajawahi kupata mahali pa kuruka.

Nami nakiri kwamba dakika chache kabla ya hapo nilikuwa nimemsifu kwa jambo hilo hilo lililomfanya asiweze kuruka. Hili ndilo lililonisukuma kuandika makala haya. Sisi wazazi na walezi wa mijini tumefika mahali ambapo mtoto anayekaa kimya kutwa nzima anahesabiwa kuwa mtoto mwema, na anayekimbia anaitwa mtundu. Hebu tuangalie wataalamu wamegundua nini juu ya mwili wa mtoto, na tujiulize kama sifa hii tunayoitoa ni sifa kweli.

Mwili huzeeka kuanzia wapi?

Wengi wetu tunapozungumzia uzee tunafikiria mvi, makunyanzi na mkongojo. Lakini wataalamu wa elimu ya viumbe wanatueleza kuwa uzee huanza mahali padogo sana pasipoonekana kwa macho, yaani ndani ya chembe hai. Mwili wa mtu mzima una takriban trilioni 30 za chembe hizo. Ngozi, damu, mifupa na ubongo, vyote vimejengwa kwa chembe hai. Nyingi kati yake huchakaa na kufa, na nafasi zake huchukuliwa na mpya zinazopatikana kwa chembe moja kujigawa na kuwa mbili.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa chembe hai za binadamu zikitunzwa vizuri maabara zinaweza kujigawa milele. Mwaka 1961, Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead, waliokuwa wakifanya kazi mjini Philadelphia nchini Marekani, walionyesha kuwa si kweli. Chembe hai za kawaida za binadamu hujigawa mara 40 hadi 60 hivi, kisha husimama. Inakuwa kama kila chembe imepewa daftari lenye kurasa za idadi maalumu, na kurasa zikiisha hakuna kuandika tena. Swali likabaki: Chembe inajuaje kuwa imefika mwisho?

Jibu lilipatikana kwenye ncha za kromosomu. Kromosomu ni nyuzi ndefu zilizomo ndani ya kila chembe hai, ambazo zimebeba maelekezo yote ya urithi wetu. Katika kila ncha ya uzi huo kuna kipande cha kinga kiitwacho telomia. Ili tuelewane vizuri, hebu mama zangu na dada zangu wafikirie kanga mpya iliyotoka dukani, ambayo bado haijapindwa. Ukiifua hivyo hivyo, nyuzi za pembeni huanza kufumuka, na kila ukifua inafumuka zaidi mpaka unaharibika mji wenyewe. Ndiyo maana tunapeleka kanga kwa fundi akaipinde. Telomia ndiyo upindo wa kromosomu. Inalinda kitambaa chenyewe kisifumuke.

Tatizo ni kwamba kila chembe hai inapojigawa, upindo huo hupungua kidogo. Katika chembe nyeupe za damu za mtoto mchanga, telomia huwa na urefu wa herufi 10,000 hivi za lugha ya vinasaba. Ni neno moja la herufi sita tu, linalorudiwa zaidi ya mara elfu moja. Kadiri miaka inavyopita maneno hayo yanakatika, na telomia ikishakuwa fupi mno chembe hai husimama kujigawa, ama hufa, ama hubaki ikitoa kemikali zinazowasha na kuudhi chembe za jirani. Hapo ndipo kidonda kinachelewa kupona, kinga ya mwili inalegea na mishipa ya damu inakakamaa.

Elizabeth Blackburn, Carol Greider na Jack Szostak ndio waliotunukiwa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009 kwa kufafanua jinsi telomia inavyolinda kromosomu. Blackburn na Greider waligundua pia kimeng'enya kinachoweza kuurefusha upindo huo, kiitwacho telomeresi. Kwa hiyo mwili wenyewe una fundi wake wa kupinda kanga. Ila fundi huyo hafanyi kazi kwa kiwango kimoja katika chembe zote, wala katika hali zote za maisha.

Kwa nini miaka ya mwanzo?

Hapa ndipo suala la mtoto wa dada yangu linapoingia. Mzazi anaweza kusema: "Mambo ya uzee ya nini kwa mtoto wa miaka minne? Akishakuwa mkubwa atafanya mazoezi." Lakini utafiti unatuonyesha jambo la kushangaza. Mwaka 1998, Blackburn huyo huyo na wenzake walichapisha matokeo ya kupima telomia za watu wa umri mbalimbali, wakiwamo watoto wadogo. Waliona kuwa telomia haipungui kwa mwendo mmoja maisha yote. Inapungua kwa kasi kubwa kuliko wakati wowote katika miaka ya mwanzo, tangu kuzaliwa hadi kama miaka minne. Baada ya hapo kasi inatulia mpaka ujana, kisha inaendelea kupungua taratibu utu uzimani.

Sababu si ngumu kuielewa. Mtoto anakua. Anazaliwa na kilo tatu, na akifika mwaka mmoja anakaribia kilo tisa au kumi. Ukuaji huo wote ni chembe hai kujigawa. Kanga inafuliwa mara nyingi katika muda mfupi.

Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti mwingine uliofuatilia watu wazima kwa miaka kadhaa, ukipima telomia za mtu yule yule mara ya kwanza na tena baadaye. Ukaonyesha kuwa katika utu uzima watu karibu wote hupoteza telomia kwa mwendo unaofanana, hivyo aliyeanza na ndefu hubaki na ndefu, na aliyeanza na fupi hubaki na fupi. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya tofauti baina ya mtu na mtu imeshapatikana kabla ya utu uzima. Nyingine ni urithi kutoka kwa baba na mama, na hilo hatuna la kulifanya. Lakini iko pia sehemu inayotokana na tumbo la mama, lishe, maradhi na malezi ya miaka ile ya mwanzo.

Ushahidi wa malezi tunao kutoka Romania. Baada ya kuanguka kwa utawala wa Nicolae Ceausescu mwaka 1989, dunia ilishangaa kuona maelfu ya watoto waliokuwa wakilelewa katika nyumba za serikali, wengi wao wakiachwa kwenye vitanda vya vyuma kutwa nzima bila kuchezeshwa, kubebwa wala kusemeshwa. Kuanzia mwaka 2000 watafiti walianza kuwafuatilia watoto 136 wa nyumba hizo mjini Bucharest, nusu yao wakapelekwa kwa kura kwenye familia za kuwalea. Mwaka 2012 ilitangazwa kuwa kadiri mtoto alivyokaa muda mrefu zaidi katika nyumba hizo utotoni, ndivyo telomia zake zilivyokuwa fupi zaidi alipopimwa akiwa na umri wa kwenda shule. Watoto wale walikosa mambo mengi kwa pamoja, si michezo peke yake, hivyo hatuwezi kusema ni kukosa kukimbia tu kulikowaathiri. Hata hivyo somo lipo: Mazingira ya mtoto mdogo yanaacha alama ndani ya chembe hai zake.

Mazoezi yanaingiaje?

Mwaka 1953, daktari Jerry Morris wa Uingereza alichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya jijini London. Aliwalinganisha madereva na makondakta. Watu hawa walitoka mitaa inayofanana na walifanya kazi ndani ya basi moja. Tofauti yao kubwa ilikuwa kwamba dereva alikaa kwenye kiti siku nzima, na kondakta alipanda na kushuka ngazi za basi kukata tiketi. Morris akakuta kuwa makondakta walipatwa na maradhi ya moyo kwa uchache kuliko madereva, na walipopatwa, yaliwajia katika umri mkubwa zaidi. Tangu hapo elimu ya mazoezi na afya ikaanza kuchukuliwa kwa uzito.

Miaka 55 baadaye, katika jiji hilo hilo la London, watafiti waliwapima pacha 2,401. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalionyesha kuwa waliokuwa wakifanya mazoezi zaidi katika muda wao wa mapumziko, wastani wa dakika 199 kwa wiki, walikuwa na telomia ndefu kwa herufi 200 hivi kuliko wale wa dakika 16 kwa wiki. Ukizingatia kuwa watu hao walipoteza kama herufi 21 kwa mwaka, tofauti hiyo ni sawa na miaka kumi hivi. Hata pale pacha wa tumbo moja walipotofautiana, mmoja akijishughulisha na mwingine akikaa, aliyejishughulisha ndiye kwa wastani aliyekuwa na telomia ndefu.

Mwaka 2019 wataalamu wa Ujerumani walikwenda mbele zaidi. Watu wazima 124 walikamilisha utafiti wao wakiwa wamegawanywa katika makundi, wengine wakakimbia, wengine wakanyanyua vyuma, wengine wakaendelea na maisha yao kama kawaida. Baada ya miezi sita, makundi yaliyokimbia yalionekana kuwa na ongezeko la kazi ya telomeresi na la urefu wa telomia. Wanyanyua vyuma hawakupata ongezeko hilo.

Kwa nini iwe hivyo? Wataalamu wanataja njia mbili kuu. Kwanza, mwili unaochoma chakula hutoa takataka kali za oksijeni, na telomia ni sehemu dhaifu sana mbele ya takataka hizo. Mwili uliozoea kujishughulisha hujijengea askari wengi zaidi wa kuzizima. Pili, mafuta yaliyozidi mwilini, hasa tumboni, huleta uvimbe wa ndani kwa ndani usio na maumivu, unaolazimisha chembe za kinga kujigawa mara kwa mara. Mtoto anayekimbia hupunguza nafasi ya kuhifadhi mafuta hayo.

Kwa upande wa watoto wenyewe, hatuna budi kusema kwa uaminifu kuwa ushahidi bado ni mchache kuliko wa watu wazima. Huko Georgia, Marekani, mwaka 2011 vijana wa miaka 14 hadi 18 walipimwa, na wasichana waliofanya mazoezi makali zaidi walikutwa na telomia ndefu zaidi. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, tunachoweza kusema ni hiki: Huu ndio umri ambao upindo unapungua kwa kasi, na kujishughulisha ni miongoni mwa mambo machache yanayoonekana kuulinda. Mwenye akili hasubiri nyumba iungue yote ndipo aamini kuwa moshi ni dalili ya moto.

Tahadhari

Naomba msomaji asije akatoka hapa akakimbilia kununua vidonge au vipimo. Wapo wafanyabiashara wanaouza vipimo vya telomia na dawa za "kurefusha ujana". Telomia ndefu peke yake si cheti cha maisha marefu. Imeonekana pia kuwa watu waliorithi telomia ndefu sana wana uwezekano mkubwa kidogo wa kupata baadhi ya saratani, na sehemu kubwa ya saratani hutumia telomeresi hiyo hiyo ili zisife. Mwili unataka kiasi, na michezo ya mtoto haijawahi kumdhuru kwa kuzidisha upindo.

Halafu kuna ndugu atakayesema: "Umri uko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, telomia zitaongeza nini?" Ni kweli, siku ya kufa haiko kwenye maabara. Lakini huyo huyo akiumwa anakwenda hospitali, na mwanawe akiwa na homa anampima malaria. Hatuzungumzii kuongeza siku. Tunazungumzia hali ya mwili ambao mtu atauishi katika siku alizoandikiwa. Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 hapa Tanzania, kati ya watu wa miaka 25 hadi 64, mmoja katika kila wanne alikutwa na shinikizo la juu la damu, na tisa katika kila mia walikuwa na sukari iliyozidi. Hawa si wazee. Wengi wao wana watoto wadogo wanaowategemea.

Na tusidhani kuwa haya ni majaaliwa ya Mwafrika. Ndugu zetu Wahadzabe wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, wanaoishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, walipimwa na watafiti na matokeo kuchapishwa mwaka 2017. Walionekana kutumia zaidi ya saa mbili kila siku katika shughuli za kutoa jasho, na dalili za maradhi ya moyo kwao zilikuwa chache mno, hata kwa wazee. Hawana jimu. Wana miguu na kazi.

Mtoto anahitaji kiasi gani?

Mwezi Aprili mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo maalumu kwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nitaueleza kwa ufupi ili kila mzazi apime nyumbani kwake.

Mtoto ambaye hajafikisha mwaka achezeshwe sakafuni mara kadhaa kwa siku. Yule ambaye hajaanza kutambaa alazwe kifudifudi, akiwa macho na akiangaliwa, kwa jumla ya nusu saa au zaidi kwa siku. Asifungwe mgongoni au kwenye kiti zaidi ya saa moja mfululizo. Runinga na simu, hapana kabisa.

Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili ajishughulishe kwa jumla ya saa tatu kwa siku, zikigawanywa kutwa nzima. Wa mwaka mmoja asitazame runinga, na wa miaka miwili isizidi saa moja, na ikipungua ni bora zaidi.

Mtoto wa miaka mitatu na minne naye ni saa tatu, lakini ndani yake iwemo saa moja ya kukimbia, kuruka na kutoa jasho hasa. Runinga na simu visizidi saa moja. Alale saa 10 hadi 13 kwa siku, usingizi wa mchana ukiwamo. Akishafika miaka mitano na kuendelea, ni wastani wa saa moja ya jasho kila siku.

Nilimsomea mdogo wangu mwongozo huu. Akahesabu kwa vidole, akanyamaza. Mtoto wake alikuwa akipata kama dakika 20, na runinga saa tano.

Faida za kumtoa mtoto nje haziishii kwenye telomia. Mifupa hujengwa kwa kurukaruka, na akiba ya mifupa anayoiweka binti utotoni na ujanani ndiyo atakayoitumia akiwa bibi. Jua humpatia vitamini D inayozuia matege. Hata macho yananufaika. Huko Guangzhou, China, shule 12 zilishiriki katika utafiti, na watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo waliongezewa dakika 40 za nje kila siku. Baada ya miaka mitatu, waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa asilimia 30 hivi, ambapo kwa wenzao ilikuwa karibu asilimia 40.

Tufanye nini sisi wa mijini?

Mdogo wangu alinijibu kwa swali ambalo nadhani kila mama wa mjini analo: "Kaka, chini kuna bodaboda na magari. Nimwachie nani? Akigongwa utanisaidia nini?" Sikuwa na jibu la haraka, kwa sababu ana haki. Sisi tulicheza kombolela, rede na chandimu kwa kuwa palikuwa na uwanja na kila mama wa mtaani alikuwa mama yetu. Leo viwanja vya wazi vimejengwa, na jirani hamjui jirani. Hivyo lawama isiishie kwa mama peke yake. Kuna mambo ambayo kila mmoja wetu anaweza kuyafanya kwa nafasi yake.

Nyumbani: Sogeza meza, tandika mkeka, mwache aruke. Mpe kamba, mpira wa soksi, mito ya kupangua na kupanga. Mshirikishe kazi: abebe sahani, afagie, afue leso zake, apandishe mfuko mdogo wa sokoni. Ngazi apande mwenyewe ukiwa nyuma yake. Kumbeba mtoto wa miaka minne mwenye afya si mapenzi, ni kumnyima haki yake.

Shule za awali: Tunapochagua shule tunauliza Kiingereza, basi la shule na sare. Ni wangapi tunauliza kama kuna uwanja? Mtoto wa miaka minne anayekaa dawatini saa nne na kurudi na kazi za nyumbani hajaelimishwa zaidi, amekalishwa zaidi.

Madrasa: Hapa naomba masheikh na maustadhi wanisikilize kwa wema. Watoto wengi wa mjini wanatoka shule saa nane, wanakula, na saa tisa au kumi wako madrasa wakiwa wamekaa chini mpaka jua linakaribia kuzama. Hii ni kazi njema, wala sisemi ipunguzwe. Nasema mtoto apewe dakika 15 katikati ya kipindi akimbie uani, kisha arudi kwenye juzuu yake. Ustadhi atakayejaribu ataona mwenyewe kuwa anayerudi ametokwa jasho husikiliza vizuri kuliko anayesinzia. Nayo misikiti yenye viwanja vilivyozungushiwa ukuta ifikirie kuvifungua kwa saa moja ya watoto, chini ya uangalizi.

Mabinti: Tusiwasahau. Mvulana akifika miaka sita tunamwachia atoke, binti tunamweka jikoni na mbele ya runinga. Mwili wake nao una chembe hai zile zile. Mtafutie mahali pa stara na mavazi yanayofaa, aruke kamba na kucheza rede na wenzake.

Serikali za mitaa: Maeneo ya wazi yaliyobaki yalindwe. Mkutano wa mtaa unapoitishwa, sisi wazazi tuhudhurie na tuulize kiwanja kimekwenda wapi. Tukinyamaza, kitakachobaki ni maegesho ya magari.

Mwenye mtoto anayeumwa pumu, seli mundu au moyo asiogope, ila azungumze na daktari kwanza ajue mipaka. Na mtoto anayekimbia lazima ale vizuri. Kumkimbiza mwenye njaa ni kumdhulumu.

Hitimisho

Mdogo wangu hakupata uwanja. Alichofanya ni kuzungumza na mama wawili wa jengo lile lile. Sasa wanapokezana: kila siku baada ya Alasiri mmoja wao anawakusanya watoto sita na kuwapeleka kwenye uwanja wa shule ya jirani, baada ya kumwomba mwalimu mkuu. Siku nyingine mvua inanyesha, siku nyingine lango limefungwa, na runinga haijatoka pale sebuleni. Si suluhisho kamili.

Wiki iliyopita alinipigia simu kulalamika. Mtoto amevunja glasi mbili, anaruka kutoka kwenye kochi, na usiku akishakula tu analala kama gogo bila hata kusimuliwa hadithi. "Kaka, umeniharibia mtoto wangu, sasa ananisumbua." Nikamwambia, Alhamdulillah.

Ndugu msomaji, watoto ni amana tuliyopewa, pamoja na miili yao. Kanga hupindwa ikiwa mpya. Ukisubiri ifumuke, fundi atakuwa na kazi kubwa, na kitambaa kilichokwisha katika hakirudi tena. Leo jioni, kabla hujawasha runinga, mwambie mwanao aruke kwa mguu mmoja kutoka mlangoni hadi dirishani. Akishindwa, umeshajua pa kuanzia.